Kuku wa Jeli Mbele ya Baba Mkwe

Hili nalisimulia mwenyewe kabla wifi zangu hawajawawahi, maana wao wanaongeza chumvi na lenyewe halihitaji. Mimi Mwajuma nilimmwagia baba mkwe kuku mwekundu kwenye kanzu, siku aliyokuja kuangalia kama nafaa kuolewa na mwanawe.

Ilianzia kwenye gazeti la kale nililolikuta kwenye sanduku la marehemu babu (alikuwa mpishi, alitunza kila karatasi yenye picha ya chakula). Humo kulikuwa na tangazo la unga wa jeli: mama kavaa gauni la mkanda, anacheka, mbele yake kuku kazama ndani ya jeli inayong'aa, na chini pameandikwa, "Mama wa kisasa hapiki kuku kwa mchuzi." Nikaona nimeandikiwa mimi, kwa sababu Hamisi, mchumba wangu, alishaniambia baba yake haamini kama wasichana wa Tabora mjini wanajua kupika, na mzee asiporidhika hakuna ndoa.

Mama akanionya. "Mwaju, mkwe anapikiwa kuku wa karanga, na firigisi yake aione. Basi."

"Ataiona, mama," nikamjibu, huyo dukani. Jeli iliyokuwepo ni ya stroberi tu, nikasema jeli ni jeli (hapo akili ilishaniaga), nikamchemsha kuku kwa kitunguu saumu na tangawizi, nikampanga kwenye bakuli na firigisi katikati, nikammwagia jeli, nikampeleka kwenye friji la jirani. Umeme ukakatika saa nne, ukarudi saa saba, na wageni wakapiga hodi saa saba na robo.

Nikabinua bakuli juu ya sinia. Jeli ikasimama, ila ilitetemeka kuliko mimi. Baba mkwe, mzee mwembamba wa Kwihara, kanzu nyeupe pe, alikuwa ameshaketi mkekani, Hamisi na dada zake pembeni yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye sinia.

"Binti, kuku yuko wapi?"

"Yumo ndani, baba."

"Anafanya nini humo?"

Wifi yangu mmoja akageukia ukutani. Mzee akasema bismillahi, akaiona firigisi yake kule katikati, akaingiza vidole kuichomoa, na nusu ya jeli ikamfuata. Ikavuka ukingo wa sinia, ikapita mkekani, ikatulia mapajani mwake pamoja na kidari. Mimi nikalia palepale, kwa aibu na kwa sababu niliiona ndoa yangu ikiondoka.

Mzee akaitafuna firigisi taratibu, akameza kwa shida, akamgeukia mwanawe.

"Hamisi, wa kula mapishi haya maisha yako yote ni wewe. Bado unamtaka?"

Hamisi akamega pande la kuku kwenye sinia, na jeli yake, akala mpaka mwisho huku machozi yakimlengalenga.

"Namtaka, baba."

"Haya," akasema mzee, "nitafutieni kanzu nyingine, tuzungumze mahari."

Ndiyo, niliolewa. Tangazo nililichana kwa mikono yangu, na nimeapa sitampikia mgeni kitu ambacho mwenyewe sijawahi kukila. Ila mume wangu, nikimwuliza siku ile aliwezaje kula vile, hujibu tu kwamba alikuwa na njaa.