Udi wa Mama Kwenye Barafu ya Kusini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara moja ya Riyadh, Daktari hakuniuliza cheti. Alinifungulia chumba cha baridi, akaniingiza, akasimama mlangoni.

"Unaogopa baridi?"

"Sijakutana nayo bado, Daktari."

Akacheka. Naye alikuwa mjukuu wa Waunguja, kama mimi, ila yeye alisomea viumbe na kila mwaka alikwenda kwenye barafu ya kusini mwa dunia. Mimi akanipa sindano. Kwa miaka mingi nilishona ngozi za ndege zilizojazwa pamba na kuandika lebo kwa penseli, maana kule wino huganda. Siku aliponiambia jina langu limo katika orodha ya meli, nilipanda basi mtaani Batha, palepale Riyadh, kwenda Jeddah kuaga, na njia nzima sikupata hata lepe la usingizi.

Nyumbani, mtaa wa Hindawiyah, mama alilifungua begi langu, akatandaza kila kitu, hata vifuko vya kazi, juu ya tenga na kuweka chetezo cha udi chini yake.

"Mtoto wa watu haendi ugenini bila kunukia," alisema.

Lo, vijana wangu, barafu ile! Pengwini walikuja wenyewe kunikagua viatu kama wajumbe wa mtaa, nami nikacheka mpaka machozi yakaganda kopeni. Kazi yetu ilikuwa petreli, ndege mdogo wa baharini anayetaga kwenye tundu la jabali. Daktari aliamini kwamba ndege huyu huijua nyumba yake kwa harufu. Tulimweka katika kisanduku chenye njia panda: huku kifuko cha pamba chenye takataka za tundu lake, kule kifuko chenye za jirani. Ndege wote wakagoma kuchagua.

Siku ya tano Daktari akafungua daftari. "Halas, basi. Naandika kwamba hawanusi. Kazi yangu ya miaka yote imekwenda na maji."

Nilikinusa kifuko kimoja. Udi! Vifuko vyote vilitoka begini mwangu. Ningenyamaza, nani angejua? Ningesema, huenda ndiyo ingekuwa safari yangu ya mwisho, na nilikuwa nimeshaipenda barafu ile.

"Daktari, ndege hawana kosa. Kosa ni langu." Nikamweleza habari za mama na chetezo.

Akanisukumia daftari. "Andika mwenyewe, kwa mkono wako. Halafu yalla, ushone vipya."

Tulichana shuka ya Daktari aliyokuwa hajaitumia, nikashona mpaka vidole vikafa ganzi. Petreli wa kwanza alisimama, akainua mdomo, akashika njia ya kwao. Wa pili naye vivyo hivyo. Tulikumbatiana tukipiga kelele kama watoto.

"Mwakani umo," Daktari akaniambia.

Nikaenda mwaka ule na mingine mingi. Ninyi mna vyombo vya kupimia kila kitu, hewala, nawaonea wivu. Lakini kosa liandikeni mapema.

Siku yangu ya kustaafu, Daktari alinipa chupa iliyozibwa kwa nta. Ndani yake mlikuwa na kifuko kimoja cha zamani, alichokihifadhi kama ushahidi. Niliifungua hapa kwangu, mtaa wa Ruwais, Jeddah. Mama alishatangulia mbele ya haki, lakini udi wake ulikuwa bado umo. Nikaiziba upesi, usije ukaisha.