Mara ya Tatu, kwa Sauti ya Chini

Walimu wenzake walimwita Kamanda, kwa sababu kabla ya kushika chaki alishika bunduki. Jina alilipenda. Mtu akivishwa sifa isiyo yake, ni nadra aulize imeshonwa wapi.

Asubuhi ile wasahihishaji wa mtihani walijaa kwenye bwalo la shule, kila meza na swali lake. Meza ya Kamanda ilipewa swali la hadithi fupi ya vita: eleza tabia ya askari, na jinsi mwandishi alivyojenga taharuki. Hadithi yenyewe waliijua kama njia ya nyumbani. Askari analinda daraja alfajiri, ukungu umetanda. Mtu anakuja na furushi kichwani. Askari anamwita mara tatu, hajibiwi, anafyatua risasi. Hadithi inaishia hapo. Ndani ya furushi mlikuwa na nini, mwandishi hasemi.

Mwongozo wa kusahihisha ulisema askari ni jasiri, mtiifu na mzalendo. Aliyeuandika ni Kamanda mwenyewe, na hivyo ndivyo alivyofundisha kwa miaka ishirini na miwili.

Siku ya kwanza ya kazi hiyo ina utaratibu wake. Kila mtu husoma karatasi chache za majaribio, kisha meza hukaa kusema kama mwongozo una kasoro. Saa nne mkuu wa meza hutia sahihi. Baada ya sahihi, hata nukta haiongezwi.

Karatasi ya tatu ya Kamanda ilikuwa na mwandiko wa kulala, haina jina ila namba ya mtahiniwa. Iliandikwa hivi:

"Askari huyu ni mwoga. Mara ya kwanza aliita kwa nguvu. Mara ya pili akazidisha. Mara ya tatu mwandishi anasema aliita kwa sauti ya chini. Mtu anayetaka kujibiwa hapunguzi sauti. Huyu alikwisha kuamua kupiga, akaita ili baadaye aweze kusema aliita. Kwa hiyo taharuki si iwapo atapiga. Taharuki ni iwapo atashuka darajani akamtazame aliyempiga. Hadithi inaisha hajashuka."

Kamanda aliweka kalamu chini. Naye alikuwa na daraja lake. Naye aliita mara tatu, na ya tatu aliiambia kola ya koti lake. Kisha akasimama palepale mpaka zamu ilipobadilishwa, akaondokea upande wa pili. Aliporudi nyumbani mama yake alimshika viganja akauliza, "Mwanangu, mikono hii ni safi?" Akajibu, "Safi, mama." Mama alikufa akiamini hivyo.

"Kamanda, umeona jini?" aliuliza jirani yake mezani, mwalimu mmoja mcheshi waliyemwita Domo. "Au mtoto katuandikia matusi?"

"Soma hapa."

Domo alisoma, akapiga mluzi. "Huyu kichwa anacho, ila kajichongea. Mwongozo unasema jasiri, yeye anasema mwoga. Sifuri, mzee wangu. Chai inapoa."

Zilipobaki dakika kumi kufika saa nne, mkuu wa meza aliwakusanya. Alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Kamanda, na mpaka leo humwita mwalimu wangu.

"Kuna mwenye neno?"

"Mimi," alisema Kamanda. "Karatasi moja inasema askari ni mwoga. Naona tuikubali."

"Mwoga na bunduki mkononi?" Domo alicheka. "Basi sisi wenye kalamu tuitweje?"

Meza nzima ikacheka. Mkuu hakucheka.

"Mwalimu wangu, nilikaa dawati la mbele darasani kwako. Nilikuuliza kwa nini mara ya tatu sauti ilishuka. Ukanijibu koo lilimkauka kwa baridi. Nikaandika hivyo, nikafaulu, na wanafunzi wangu nimewafundisha hivyo. Leo kimebadilika nini?"

"Mtoto huyu ana hoja."

"Hoja peke yake hainitoshi. Nikibadilisha hapa, watahiniwa wote watapimwa kwa neno hili." Akafungua kalamu. "Lakini wewe ulikuwa vitani, sisi hatukuwa. Sema tu kwamba askari wa namna hii unamjua, na ni mwoga. Naandika sasa hivi, natia sahihi. Nani hapa atakupinga?"

Ilikuwa kama mlango ulioachwa wazi, na mkuu ameushikilia ili Kamanda apite. Sentensi moja ilitosha. Haikuwa na gharama nyingine ila aibu, na aibu haijawahi kuua mtu. Risasi ndiyo inayoua.

"Askari huyo..." alianza Kamanda kwa nguvu, na nyuso zote zikamgeukia. "Askari wa aina hiyo..." Domo alikuwa akimtazama kwa heshima, kama kawaida yake.

Kamanda akainamisha kichwa. "Pengine koo lilimkauka," alisema kwa sauti ya chini.

"Hatujakusikia, mwalimu wangu."

"Nimesema mwongozo uko sawa."

Mkuu alimtazama kidogo, kisha akatia sahihi. Kamanda akairudia ile karatasi ya mwandiko wa kulala, akaandika sifuri kwa wino mwekundu, akaifunika kwa nyingine upesi.

Domo akamsukumia kikombe. "Kunywa, Kamanda."

Akaitika, akanywa.