Kitambaa cha ukoo nilimzika nacho Bhoke, sasa watafiti wanataka uzi wake

Kwanza nyie mnaoandika "ndefu sana, sijasoma" chini ya visa vya watu, shikeni adabu. Mtu anatoa siri ya moyo wake, wewe umechoka kusoma. Kama umechoka kalale, mwachie nafasi mwenye akili. Na wewe admin ficha jina langu, ila maneno yangu usiyarembe. Niliishia darasa la nne, lakini ninachokisema nakijua.

Nina miaka sabini na moja, mjane, naishi Serengeti, si mbali na Mugumu. Mungu alinipa mabinti watupu, wakaolewa wakaenda. Sisi Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto wa huyo binti wanakuwa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Nilimuoa Bhoke, jina nimembadilishia. Akanizalia wajukuu watatu wa kiume. Nyie wa mjini msianze kuguna, si mambo mnayofikiria. Aliniita mama, na sikuwahi kulala njaa yeye akiwepo.

Ukoo wa mume wangu una kitambaa. Hariri nyekundu yenye madoa ya njano, babu wa mume wangu alitoa ng'ombe dume kwa Mhindi mwenye duka akakipata. Mke anayeingia kwenye ukoo anafunikwa nacho mabegani siku ya kwanza, ndipo anahesabika mke. Anayekitunza ni mke mkubwa, yaani mimi, na hakuna mwingine anayekigusa. Bhoke hakufunikwa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alisimama akasema, "Huyu ameolewa na mwanamke mwenzake. Hatufuniki vibarua hapa." Bhoke akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Hakuwahi kunidai, ila kila nikikitoa kukianika, alikuwa anatafuta kazi ya kufanya karibu yake.

Alipofariki, miaka kumi na moja sasa, mimi ndiye niliyemuosha. Wenzangu walipotoka kumwaga maji, nikafungua sanduku, nikamfunika mabegani, nikavuta sanda juu yake na blanketi. Kikaenda naye chini. Sijutii. Nasema tena, sijutii.

Matanga yalipoisha nikapanda gari mpaka Sirari, nikanunua kinachofanana. Kilikuwa kinang'aa kama cha bibi harusi wa mjini. Nikakiloweka kwenye majani ya chai na majivu, nikakitundika juu ya moshi wa kuni mpaka kikazeeka. Wake wanne wamefunikwa nacho. Mmoja ni mke wa mtoto mkubwa wa Bhoke mwenyewe.

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Mwezi uliopita walikuja watafiti, wakaitisha mkutano kwenye darasa la shule. Wao wanahifadhi vitambaa vya zamani vilivyotoka Uhindi, wana hadi daftari la muuza duka lenye vipande vimebandikwa, na wanataka kujua watu wa huku walivitumiaje. Wakaonyesha picha, moja ikawa ni ya kitambaa chetu kabisa. Wakauliza kama kuna mtu bado anacho. Shemeji akasema, "Kwetu kipo, ila kinatunzwa na mwanamke. Sijui kama panya wamebakiza." Watu wakacheka. Mimi nikasimama. "Panya wako kwako, shemeji. Changu kipo kama kilivyotoka dukani." Wakanipigia makofi, na mimi mjinga nikafurahi.

Wiki iliyofuata binti mtafiti akaja kwangu, ana adabu zake, shikamoo bibi, akavaa glovu. Akasema atavuta uzi mmoja tu pindoni, mashine ya kwao itaonyesha kama ni hariri ya mdudu na kama rangi ni ya mizizi au ya kiwandani. Majibu yatasomwa mbele ya ukoo wote. Akakiangalia kwa kioo cha kukuzia, akakipiga picha kwa karibu, uzi kwa uzi. Halafu akashusha sauti.

"Bibi, hakuna kingine?"

"Kingine cha nini?"

"Nauliza tu, bibi. Usiporidhia sitavuta uzi, ni haki yako. Nitaandika kwamba mtunzaji hakuridhia."

"Na hilo nalo utalisoma mkutanoni?"

"Nitalisoma, bibi."

Nikamwambia aniachie siku chache. Alipoondoka nikachoma uzi mmoja kwa kiberiti. Ukajikunja ukawa kitone cheusi, unanuka mfuko wa plastiki. Hata mimi wa darasa la nne nikapata majibu.

Nimefikiria kukichoma chote niseme ni cheche ya jiko, lakini picha ameshazibeba. Nikikataa, shemeji atasema nimekiuza. Nikikubali, atasema wale wanne si wake. Nikisema ukweli, namjua, atataka kaburi lifukuliwe. Ana miaka anatafuta sababu ya kuwafukuza watoto wa Bhoke kwenye shamba letu la kuelekea Manchira, na sababu nimemshonea mimi mwenyewe. Nimekaa ndani kama kuku aliyefunikwa tenga.

Wanarudi Jumatano. Pole zenu sizitaki, na wa kuniambia niombe Mungu, nimeshaomba. Mlio na akili niambieni nianze kusema kwa nani, kwa wazee au kwa huyu binti mtafiti, na niseme kipi kwanza.

Na nyie wajukuu zangu watatu, kisa hiki kikiwafikia mkaijua sauti yangu, msinipigie simu kuniuliza maswali. Mama yenu amelala kama mke wa ukoo, mimi ndiye niliyemfunika. Kokoto na mchanga nimeshanunua. Njooni na saruji, mlijengee kaburi lake kabla ya Jumatano, na mchanganye nzito.