Petroli ya Ami Saidi

Juzi hapa Malindi nilimwona fundi wa pikipiki akimwaga petroli chafu mtaroni, na ile harufu ikanirudisha Ngomeni, uani kwa bibi yangu.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, Ami Saidi, mdogo wake baba, alikuwa na dumu la petroli iliyoingia maji, haifai tena kwa mashine ya boti. Akaelekea nalo chooni, aimwage shimoni iue mende, kama walivyofanya majirani.

Bibi alikuwa akiteka maji kisimani. "Saidi! Choo na kisima vyalalia mchanga mmoja. Wapeleka wapi hiyo?"

"Kidogo tu, mama."

"Hata ya kujaza kifuniko sitaki."

"Basi nusu."

"Mende watahama, sisi tutakunywa nini? Nawe na sigara yako, ukiingia humo utatokea juu ya paa."

Ami alicheka, akalifunga dumu na kuliweka kivulini, mbali na jiko, limngojee fundi wa mashine aliyekuwa akikusanya mafuta mabovu.

Leo najua petroli ikizama mchangani hufika kisimani, na ndani yake mna kitu kinachoharibu damu. Siku ile nilikuwa upande wa Ami. Niliipenda harufu ile kuliko udi, nikadhani Bibi anatunyima maji ya manukato. Aliponipa kata ya maji ya kisima ninywe, niliyanusa mara mbili kwa kuhakikisha. Hayakunukia chochote. Nikayanywa yote, nimenuna.