Mtoto Wangu Anajua Neno Moja Tu, na Mama Mkwe Anataka Kumnyang'anya

Mhariri, usitaje jina langu wala kijiji chetu. Huku Kieni tunajuana mpaka ng'ombe. Sema tu ni mama kutoka upande wa Endarasha.

Niko na miaka ishirini na saba, nimeolewa miaka saba. Tunalima viazi na kukama ng'ombe wawili. Kifungua mimba wangu ni msichana wa miaka mitano na nusu. Kwa mila yetu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na alipozaliwa mama mkwe wangu alifurahi mpaka akacheza ngoma uani. Alinipikia njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, sufuria nzima, akambeba mtoto akisema, "Ni mimi nimezaliwa tena." Bwana yangu naye akawa anamwita mtoto "Mama," kwa sababu amebeba jina la mama yake.

Furaha hiyo haikudumu. Miaka mitatu ikafika na mtoto hajasema hata "maji." Hakuangalii machoni. Anashinda akipanga viazi kando ya ukuta, kikubwa mpaka kidogo, na ukichukua kimoja cha kupika anapiga nduru mpaka majirani wanakuja kuuliza ni nani anapigwa. Kanisani ngoma zikianza anaziba masikio na kuniuma mkono. Watu walisema mengi, ati kuna kitu kibaya nilikiangalia nikiwa na mimba. Mama mkwe akaacha kabisa kumwita kwa jina. Akawa "huyo wako."

Mwaka jana nikaamua kumpeleka Nyeri kwa daktari wa watoto. Mama mkwe akasema tunaenda pamoja. Si kwa mapenzi, nasema wazi, alienda kulinda jina lake. Tukiwa kwa foleni alinifinya mkono: "Usiandikishe jina yangu kwa kitabu ya wagonjwa wa kichwa. Ukiandikisha, rudi kwenu." Nyumba tunayokaa iko kwa shamba lake. Nesi alipouliza mtoto anaitwa nani, mdomo wangu ukataja jina la marehemu dada yangu. Likaandikwa kwa kadi. Hapo ndipo nilipokosea.

Masikio yalipimwa, yako sawa. Daktari akasema hali yake inaitwa otizimu. Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo. Nikamuuliza, "Daktari, ni mimi nilimfanya hivi?"

"Hapana, mama. Si wewe, si laana, si wazimu. Amezaliwa hivyo. Dawa ya kumeza hakuna, lakini anafundishika."

Nililia pale pale mbele yake. Akanionyesha la kufanya: niite jina lake, ningoje, akiniangalia nimpe kitu anachopenda. Akasema siku mtoto ataanza kuitika jina, atamwandikia barua aingie darasa la watoto kama yeye, hapo Nyeri mjini. Nafasi ni chache na masomo yanaanza Januari.

Basi nikaanza, kila asubuhi nikikama, mama mkwe akiwa mbali. Naita jina lake la kweli, nimeshika kipande cha ngwaci, kiazi kitamu anachopenda, mkononi. Naita, nangoja. Miezi minane naongea na ukuta. Halafu siku moja nikaita hivi hivi tu, nimechoka, na mtoto akageuka. Akaniangalia! Nilimwaga maziwa yote. Nikaita tena, akageuka tena. Aki sijawahi kuona macho mazuri kama yale.

Mwezi uliopita tukarudi kliniki, mama mkwe akiwa hapo hapo kwa kiti. Daktari akaita jina lililo kwenye kadi. Akaita mara tatu. Mtoto akaendelea kuchezea kifuniko cha kalamu. Daktari akatikisa kichwa: "Bado, mama. Nitamjaribu mara moja tu tena mwezi ujao, kisha majina ya darasa yanafungwa." Maneno yalikuwa kwa ulimi wangu, "Daktari, hilo si jina lake." Nikaangalia mama mkwe, nikameza. Nilijichukia siku hiyo.

Tulipopita karibu na soko, mama mmoja wa vitunguu anayemjua mama mkwe akamwita kwa jina, kwa sauti kubwa. Mtoto wangu akageuka kabla ya mwenyewe kugeuka. Nikacheka kwa furaha, mjinga mimi. Mama mkwe akasimama tu akimwangalia.

"Kumbe! Ati sasa nikiitwa sokoni tutakuwa tunageuka na huyu?"

Tulipofika nyumbani akatuita, mimi na bwana yangu. Niko na mimba ya miezi minane. Akasema nikizaa msichana, jina lake litaenda kwa huyo mchanga, mtoto mzima. Huyu mkubwa apewe lingine lolote, na kuanzia siku hiyo asisikie mtu akimwita kwa lile. Nikamgeukia bwana yangu. Akaangalia chini. "Huyo ni mama yangu, nitamwambia nini?" Tangu siku hiyo hajamwita msichana wetu "Mama."

Jana asubuhi nilikuwa nakama, mama mkwe akichuma sukuma wiki karibu na zizi. Mtoto akaja mwenyewe, akasimama mahali petu pa kila siku, akawa ananiangalia mdomo. Alikuwa anangoja nimwite. Nikaogopa, nikanyamaza. Alisimama hapo mpaka ndoo ikajaa, kisha akarudi kwa viazi vyake.

Kliniki ni Jumanne ijayo, na mama mkwe atakuwa pale kwa kiti tena. Nikisema ukweli, nafukuzwa na tumbo hili, na kwetu hakuna mtu wa kunipokea, wazazi walishakufa. Nikinyamaza, darasa limeenda, na neno moja tu ambalo mtoto wangu analijua duniani litapewa mwingine. Wasomaji, hasa nyinyi wazazi, msinihukumu, niambieni tu: Jumanne daktari akiita lile jina la uongo na mtoto asigeuke, mimi nifanye nini?