Madirisha Sita ya Geneva Pruett

Geneva Pruett hajawahi kupuliza tarumbeta maishani mwake. Hata kupiga makofi kwa mpigo unaoeleweka kunamshinda. Lakini kwa miaka saba, bendi ya shule yetu ya sekondari hapa Millbeck, kaskazini mwa Indiana, haikuingia uwanjani kushindana bila kitu alichokiunda yeye.

Kazi yake ni kuchomelea vyuma katika kiwanda cha nyumba za magurudumu, zile ambazo watu huzifunga nyuma ya gari na kwenda kukaa nazo kando ya ziwa. Anaingia saa kumi na moja alfajiri, anatoka mchana. Binti yake mkubwa alipojiunga na bendi kupiga klarineti, Geneva alifika kwenye mkutano wa wazazi akiwa bado na ovaroli la kazini. Mtu mmoja akauliza kama kuna anayejua kuchomelea, naye akainua mkono. Binti akamaliza shule, mdogo wake naye akamaliza, Geneva akabaki. Leland, mumewe, alikuwa akimuuliza kila Agosti, "Sasa mwaka huu unamfuata nani huko?" Naye alijibu, "Nani atachomelea, wewe?"

Mimi naitwa Delmar. Mwanangu alikuwa mpiga ngoma, na mimi nilikuwa mmoja wa wasukumaji wa Geneva: wazazi kumi na wawili wenye fulana nyeusi wanaoingiza vifaa vya onyesho uwanjani mbio na kuvitoa mbio. Saa ya jaji ikianza hakuna mchezo. Bendi ina dakika chache za kuingia, kupiga muziki huku ikitembea kwa mistari, na kutoa kila kitu nje ya mstari wa uwanja. Gurudumu moja likibaki ndani muda ukiisha, alama zinakatwa.

Mwaka huo ninaousimulia, kikao cha Julai kilifanyika katika chumba cha muziki. Mwalimu Tolliver, mkuu wa bendi, alimuweka kwenye skrini Corwin Haas, mtu wa jimbo lingine tunayemlipa atubunie onyesho. Corwin alikuwa na ndevu zilizochongwa vizuri na sauti ya mtu asiyekatizwa maneno.

"Madirisha sita," akasema. "Mita tatu na nusu kwenda juu, turubai jeupe kama maziwa. Watoto wanapita nyuma, taa zinawapiga, tunaona vivuli vyao tu. Majaji watalia."

"Na upepo je?" Geneva akauliza.

"Upepo upi?"

"Upepo wa Oktoba, bwana. Huku kwetu mahindi yakishavunwa hakuna cha kuuzuia. Turubai zima la ukubwa huo tutakwenda kuliokota Ohio."

Watu wakacheka. Corwin hakucheka. "Fainali za jimbo zinachezwa ndani, chini ya paa. Hakuna upepo."

"Fainali ni ndani. Kufika fainali ni nje."

Geneva akapendekeza wavu badala ya turubai, upepo upite. Corwin akasema wavu haushiki kivuli. Mwalimu Tolliver akajikuna shingo, akasema, "Geneva, tumuamini Corwin. Ndiyo maana tumemchukua."

"Haya," Geneva akasema. Mimi niliyekaa karibu naye niliona jinsi alivyoikunja ile karatasi ya mchoro, mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa haikunjiki tena.

Akaunda. Alitumia likizo yake ya wiki moja, ile ambayo Leland alitaka waende Michigan kuvua samaki. Katikati ya Agosti fremu sita zilikuwa tayari, zimepakwa rangi ya kijivu. Corwin akatuma ujumbe kwamba amefikiria upya: ziwe nyeusi. Tukapaka upya. Wiki ya kwanza ya Septemba akatuma mwingine: dirisha la katikati liwe na ngazi nyuma yake, ili Susannah Yoder, mpiga filimbi wetu bora, apande na kutokeza juu akipiga kipande chake peke yake.

Geneva alisoma ujumbe huo bandani, tunakoundia vifaa vya bendi, grainda ikiwa bado mkononi.

"Delmar, nisomee na wewe. Labda macho yangu yana cheche."

Nikasoma. "Ngazi," nikasema.

"Ngazi! Fremu nimeipima isimame yenyewe, sasa niipandishie mtu? Ningeambiwa Julai ningeweka miguu mipana. Huyu mtu anadhani chuma ni penseli, unafuta tu?" Akaitupa simu juu ya mfuko wa mchanga. Kisha akaiokota, akaifuta vumbi, akaanza kupima vyuma. Ndivyo alivyo. Atalalamika mpaka masikio yakuume, lakini mikono haisimami.

Mashindano ya kwanza hayakuwa na upepo. Tukashika nafasi ya pili kati ya bendi kumi na moja. Watu wakala mikate yao ya nyama ya nguruwe iliyokaangwa, wakapiga picha mbele ya madirisha, na Corwin akapewa sifa zake kwenye ukurasa wa bendi. Jina la Geneva liliandikwa mwishoni, nalo lilikosewa: "Jenny Pruitt."

"Huyo Jenny ana bahati," akasema. "Hakuchomelea hata fremu moja, na bado ametajwa."

Upepo ulitukuta kwenye mashindano ya tatu, Jumamosi moja ya Oktoba yenye jua zuri la kudanganya. Tulipotoka na madirisha nyuma ya jukwaa la watazamaji, yalianza kututembeza yenyewe. Watu wawili kwa kila fremu hawakutosha. Bendi ikaanza kucheza, watoto wakipita kwa mistari yao, matarumbeta yakilia kama hakuna shida duniani, na sisi wazazi tumejibanza nyuma ya turubai tukining'inia kama nguo kwenye kamba. Susannah akapanda ngazi. Alipoinua filimbi tu, dirisha lake likainama mbele.

Geneva alikuwa chini yake. Aliweka bega kwenye mguu wa fremu, akaisukuma irudi, akabaki hapo amepiga magoti kwenye nyasi mpaka mtoto akamaliza. Susannah hakukosea hata noti moja, lakini aliposhuka alimshika Geneva mkono. "Mama Geneva," akasema, "ilisogea kweli au ni mimi?"

"Ilisogea, mwanangu. Nenda, nenda, mstari wako unakungoja."

Kutoka uwanjani kukatushinda. Upepo ulikuwa unatusukuma turudi ndani. Dirisha la mwisho lilivuka mstari tumeshachelewa sekunde kumi na tisa. Wakatukata alama, tukashuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu.

Jumatatu yake Mwalimu Tolliver aliwaambia wazazi wote, mbele ya watoto, "Muziki ulikuwa safi. Watu wa vifaa, tunawaomba muongeze bidii."

Nilidhani Geneva atalipuka. Bega lake lilikuwa limevimba, alikuwa hawezi kuinua mkono kuvaa koti. Alingoja watu watawanyike, ndipo akamfuata.

"Mwalimu, niongeze bidii ipi? Nimuombe Mungu azime feni?"

"Geneva, sikumaanisha wewe."

"Watu wa vifaa ni nani basi? Sikiza. Niruhusu nikate matundu kwenye maturubai. Ya umbo la mwezi-nusu, kumi kwa kila moja. Upepo unapita, fremu inasimama. Au mwondoe Susannah pale juu."

"Nitamuuliza Corwin."

Corwin alijibu baada ya siku tatu: matundu yataharibu vivuli, na Susannah juu ya ngazi ndiye kilele cha onyesho. Tuongeze mifuko ya mchanga.

Tukaongeza. Madirisha yakawa mazito hata magurudumu yakazama kwenye nyasi tulipofanya mazoezi, na Mwalimu akalalamika kwamba tunachimba uwanja.

Nusu fainali ya jimbo ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Bendi ishirini, kumi zinakwenda fainali Indianapolis. Tulipofika, bendera juu ya jukwaa la watazamaji ilikuwa imenyooka kama ubao. Geneva aliitazama muda mrefu. Alimtafuta Mwalimu Tolliver, akamkuta kando ya lori akiongea na Corwin kwenye simu, sikio moja amelizuia kwa kidole ili asikie.

"Mwalimu."

"Ngoja kidogo."

"Saa nzima imebaki. Mtazame Susannah."

Susannah alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi, kofia mapajani, anatazama ile bendera.

Mwalimu akafunika simu kwa kiganja. "Geneva, tafadhali. Corwin anasema tuache kama ilivyo. Tukifika fainali tutazungumza."

Geneva akageuka. Alitembea mpaka kwenye kisanduku chake cha vifaa, akatoa kisu cha kukatia mazulia. Nilidhani anakwenda kukata kamba za mifuko ya mchanga. Alisimamisha ngazi kando ya dirisha la kwanza, akapanda, akachora mwezi-nusu kwa kisu, turubai likatoa sauti ya kuchanika ambayo iliwageuza watu shingo kutoka mabasi ya shule nyingine. Akachora wa pili. Akachora wa tatu.

"Delmar," akaniita bila kugeuka, "una kisu au unatazama sinema?"

Nilikuwa nacho. Wengine wakaja. Ndani ya dakika ishirini madirisha yote sita yalikuwa na matundu. Mwalimu Tolliver alipotoka kwenye simu alisimama, mdomo wazi, uso wote mwekundu. Nadhani angesema neno ambalo hangeweza kulirudisha. Lakini tulikuwa tumeitwa kwenye lango, na bendi haingoji mtu akasirike.

Upepo ukapita kwenye matundu kwa mluzi mdogo. Fremu zikasimama. Susannah akapanda, akapiga kipande chake ameegemea chuma kama yuko barazani kwao, akashuka. Tulivuka mstari wa kutokea tukiwa na sekunde arobaini mkononi. Nilimtazama Geneva, nikaona anacheka kwa mara ya kwanza tangu Julai.

Matokeo yalisomwa saa kumi jioni. Nafasi ya kumi walichukua wenzetu wa bonde la jirani. Sisi tulikuwa wa kumi na moja. Tofauti ilikuwa robo ya alama moja.

Watoto walilia kwenye nyasi wakiwa wamekumbatiana, wapiga tuba wakubwa kama milango wakilia kuliko wote. Mwalimu Tolliver alipita karibu na Geneva, akasema kwa sauti ya chini, "Labda vivuli vingeonekana..." Hakumalizia. Heri angemalizia.

Majaji wetu huzungumza kwenye kinasa sauti wakati bendi inacheza, kisha shule inapewa sauti hizo. Geneva aliomba asikilize. Alikaa katika chumba cha muziki Jumatatu mchana, na mimi nikakaa naye. Jaji mmoja alisema, "Haya madirisha yaliyochanika, wazo la kijasiri sana, nyumba iliyokimbiwa, nimependa." Jaji mwingine, dakika ileile, alisema, "Nyuma ya hayo maturubai kuna kitu kinatokea, lakini sikioni. Aibu, maana watoto wanafanya kazi." Geneva akarudisha mwanzo. Akasikiliza tena. Akasikiliza mara ya tatu.

"Kwa hiyo ni mimi au si mimi?" akauliza.

"Hujui. Hakuna anayejua."

"Ningependa mtu aniambie. Hata kama ni mimi. Ningelala vizuri zaidi nikijua ni mimi."

Jioni hiyo Corwin aliandika kwenye ukurasa wake kuhusu msimu. Aliandika kwamba jaji mmoja alisifu "uamuzi wetu wa kuyachana madirisha." Uamuzi wetu! Nilimwonyesha Geneva, na hapo ndipo alipolipuka. Yale aliyosema bandani siku ile sitayaandika. Leland alitoka nje akijifanya anatazama matairi ya gari.

Novemba Mwalimu Tolliver alimpigia simu. Kuna mchoro mpya: daraja la mita tisa linalofunguka katikati. Geneva alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitalijenga. Sharti moja tu. Corwin aje hapa wikiendi moja ya Oktoba, avae fulana nyeusi, asukume."

"Ana shughuli nyingi, Geneva."

"Na mimi ninazo."

Mwalimu aliahidi atamuuliza. Jibu halikuja Novemba, halikuja Desemba. Januari Geneva aliniletea funguo za banda na kisanduku chake cha vifaa, kila kitu kimeandikwa jina kwa kalamu ya rangi. Daraja likachomelewa na fundi wa kulipwa kutoka Fort Wayne, tukalisukuma sisi.

Oktoba ya mwaka huo Geneva alikata tikiti, akakaa kwenye jukwaa la watazamaji na Leland. Katika miaka yote ile alikuwa hajawahi kuliona onyesho letu kwa mbele, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza kusukuma nilipanda kumsalimia, nikamkuta amekaa wima, mikono ameikunja, chili yake, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, imepoa kwenye bakuli bila kuguswa.

"Umeonaje?" nikamuuliza. "Watoto walikuwa wazuri?"

"Watoto?" Akanitazama kama nimemuuliza kuhusu nchi nyingine. "Delmar, mmeona gurudumu la nyuma la daraja linavyovuta kushoto? Mtu ataumia pale. Nani amelifunga?"

Leland akamwambia aile chili yake. Hakuila. Alikuwa ameshasimama, anachungulia kule chini tulikoliacha daraja, na bendi iliyofuata ilikuwa tayari inaingia.