Kamba ya Njano na Ubao wa Siku

Kiwandani walimwita Mzee Breki, na jina hilo lilimfuata hadi nyumbani, ambako mkewe alimtania nalo kila alipochelewa kuinuka mezani. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa akifunga mabomba ya breki kwenye magari ya kampuni ya wageni, na katika miaka hiyo alikuwa ameona wakurugenzi sita. Kila mmoja alishuka kutoka kwao na dini yake mpya. Wa kwanza alitaka watu wakimbie mchakamchaka kabla ya kazi, na vitambi vyao hivyo. Wa tatu alitundika sanduku la maoni, ufunguo wake ukapotea siku ileile. Mzee Breki aliwaitikia wote "ndiyo bosi", akijua baada ya miaka mitatu watafungasha virago.

Wa sita ndiye aliyemponza. Alikuwa mpole, na alijifunza kusema "Shikamoo, mzee" kwa matamshi ya kuchekesha, lakini heshima yenyewe haikuwa ya kuigiza. Huyu alileta kamba ya njano. Ilipita juu ya vichwa vya mafundi, mwanzo hadi mwisho wa mstari wa kuunganishia magari. Ukiona kasoro unaivuta, mstari wote unasimama.

"Anayevuta kamba hana kosa," aliwaambia kwenye kikao cha asubuhi. "Huyo ni rafiki yangu."

Kwenye ukuta wa pili kulikuwa na ubao mkubwa ulioachwa na mkurugenzi wa tano: SIKU BILA MSTARI KUSIMAMA. Ukifika mia, kila mtu anapata siku nzima ya kupumzika. Hakuna aliyekumbuka kuuondoa, au pengine hakuna aliyetaka. Kamba ikaning'inia mpaka ikashika vumbi, na ubao ukaendelea kupanda.

Kwenye kituo cha kazi kilichofuata alikuwepo binti yake, mama wa mtoto mmoja, ambaye mumewe aliaga kwenda kutafuta maisha akasahau njia ya kurudi. Mzee Breki alimpatia kazi hiyo kwa kumbembeleza meneja wa uzalishaji, mtu wa hapohapo, ambaye mafundi walimwita Bwana Tutaona kwa sababu hakuwahi kujibu ndiyo wala hapana. Mkataba wa binti ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Tangu aupate alikuwa ameanza tena kucheka, na baba yake aliulinda mkataba ule kama mtu aliyebeba mayai.

Siku ya tisini na sita vibanio vya mabomba vilikuja vimelegea. Mzee Breki alifunga kimoja, akalitikisa bomba, likacheza na kugusa chuma cha gurudumu. Akajaribu kingine, yaleyale. Alijua likisuguliwa miezi michache litatoboka, na mtu atakanyaga breki asipate kitu. Akamkumbuka mkurugenzi na shikamoo yake. Akainua mkono, akavuta.

Kiwanda kikanyamaza dakika kumi na moja. Mkurugenzi alikuja akikimbia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, wakapigwa picha pamoja. Nyuma yao mtu alipanda ngazi akafuta tisini na sita, akaandika sifuri.

"Hongera, mzee," fundi wa vioo alimwambia bila kumtazama. "Siku ile ya mapumziko nilikuwa nimpeleke mama hospitali."

Alasiri wakaitwa kwenye kikao. Mkurugenzi aliamini kwamba ukiuliza kwa nini mara tano utafika kwenye mzizi wa tatizo. Kwa nini mstari ulisimama? Bomba lilicheza. Kwa nini lilicheza? Vibanio vilikuwa vimelegea. Kwa nini vilifungwa vikiwa hivyo? Havikukaguliwa. Kwa nini havikukaguliwa? Kituo cha breki hakina mkaguzi. Kwa nini hakina? Hapo kila mtu alitazama meza, kwa kuwa aliyenunua vibanio vya bei ya chini alikuwa makao makuu, ng'ambo, na hakuna "kwa nini" iliyoweza kuvuka bahari.

"Fundi hakuwahi kuomba mkaguzi," Bwana Tutaona akasema. Ikaandikwa.

"Si lawama, mzee," mkurugenzi akamwambia kwa furaha ya kweli. "Ni utaratibu tu."

Kwenye korido Bwana Tutaona alimshika bega. "Mkataba wa binti unaisha mwezi ujao, sivyo? Na mimi napigiwa simu kuhusu zile dakika kumi na moja. Basi, mzee wangu. Tutaona."

Utaratibu mpya ulikuwa huu: binti atafunga mabomba, baba atakagua na kutia saini. Picha yake iliwekwa mlangoni, Mfanyakazi wa Mwezi, na mafundi wakawa wanaipita bila kumsalimu mwenyewe. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Wiki ya tatu vibanio vilegevu vikarudi. Gari lilikuwa jekundu. Binti alilitikisa bomba kama alivyofundishwa, akageuka akamtazama baba yake, mkono ukiwa tayari umeinuka kuelekea kamba. Mzee Breki alitikisa kichwa. Binti hakuamini, akaendelea kumtazama. Akatikisa kichwa tena, safari hii kwa ukali, kama alivyokuwa akimkataza kugusa jiko alipokuwa mdogo. Mkono ukashuka. Baba akatia saini, gari likasogea, likaja lingine.

Mwisho wa mwezi mkurugenzi alirudishwa kwao kwa kupandishwa cheo, akamkumbatia kila mtu. Bwana Tutaona alileta mkataba mpya yeye mwenyewe.

"Binti ameshaijua kazi," alisema.

"Asante, bosi," Mzee Breki akajibu, akajichukia.

Walitoka pamoja mchana ule, wakapita uwanja ambapo magari mapya hupangwa yakisubiri wenyewe. Nafasi ya lile jekundu ilikuwa tupu. Binti alisimama hapo, mkataba ukiwa mkononi.

"Baba," alisema, "mwanangu akikua, usije ukamtafutia kazi hapa."

Mzee Breki alitaka kumwambia alifanya vile kwa ajili yake. Lakini binti alikuwa ameshatangulia getini, na tangu siku hiyo hakuwahi kumsubiri tena.